Wino ulivyokuwa unaisha kwenye printa yangu Mayfair, na asubuhi niliyompigia mwenzangu kelele za mwizi

Wakuu, salama humu?

Mimi ni wa kusoma tu. Miaka mingi napita humu jukwaani kimya kimya, nacheka peke yangu, nafunga simu nalala. Leo nimeshindwa. Kuna jamaa juzi alifungua uzi akiuliza kwa nini printa yake ya tenki inamaliza wino wakati hachapi kitu cha maana. Wadau wakamjibu kwa utani kwamba amchunguze anayeshinda naye ofisini.

Ndugu yangu uliyeuliza, tafadhali usimchunguze mtu kwanza. Soma hapa.

Majina nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, na zile sehemu ninazoonekana mjinga sikuzipaka rangi. Ziko nyingi.

Ilikuwa 2017, Johannesburg, mtaa wa Mayfair. Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, ila Sauzi nilikuwa nimeshakaa vya kutosha. Nilikuwa na kijisehemu cha kuchapa na kutoa kopi mbele ya duka la Msomali mmoja mtu mzima tuliyemwita Mzee Warsame. Yeye anauza mablanketi, mazulia na masufuria. Mimi amenipa upande wa mlangoni: meza mbili, rafu moja, na soketi moja ya umeme.

Umeme wenyewe ni wa kununua tokeni, na tokeni ananunua yeye. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja tu dukani kwake: ukifunga, zima kila kitu ukutani. Si kwenye kifaa. Ukutani. Mzee Warsame alikuwa anapita kuangalia taa nyekundu za chaja kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto.

Sikuwa peke yangu. Nilishirikiana na Mkongo mmoja wa Uvira, mtu wa makamo, shemasi kwenye kanisa lao moja kule Bertrams. Tulimwita Papa Exaucé. Exaucé ni jina la mtoto wake wa kwanza, ndivyo wanavyoitana wale, kama sisi tunavyosema Baba Fulani. Kamera na kompyuta vilikuwa vyake. Printa na wino vilikuwa vyangu. Yeye anapiga picha za pasipoti na kutengeneza vipeperushi vya kanisa, mimi nashughulika na CV, fomu na kadi za harusi. Tunachapia mashine moja.

Asubuhi anafungua yeye, mapema sana, kwa sababu watu wanaokwenda kupanga foleni kutafuta karatasi zao za ukaazi wanataka picha kabla jua halijatoka vizuri. Mimi naanzia Fordsburg kununua mahitaji, nafika dukani saa nne. Jioni yeye anawahi teksi ya Bertrams, mimi ndiye nafunga.

Tulikaa hivyo karibu miaka miwili bila kugombana. Na kugombana na mimi ni rahisi, nakiri. Nina hasira za karibu. Mke wangu anasema nikikasirika nasikika mpaka kwa jirani wa jirani.

Sasa nizungumzie wino kidogo, maana bila hapo hamtanielewa.

Printa yangu ilikuwa ya kawaida ya katriji, niliinunua imetumika. Katriji za dukani zilikuwa zinanikausha. Ukinunua seti nzima unakaribia kununua printa nyingine, na ndani mna wino wa kujaza kijiko. Nikamtafuta fundi akaniwekea mfumo wa tenki: vichupa vinne pembeni, mipira myembamba inaingia ndani mpaka kwenye kichwa cha kuchapia. Wino nanunua kwa lita, Fordsburg, kwa muuzaji ninayemwamini. Hapo nikawa bingwa wa kubana.

Wakuu, nilikuwa bahili wa wino mpaka aibu. Kazi yoyote ya kusoma tu naichapa draft, ile hafifu ya kubana wino. CV ya mtu ikija na mstari wa bluu kwenye jina, namshawishi aweke mweusi. Kuna dada mmoja alitaka kadi ya mualiko yenye maua mekundu ukurasa mzima. Nilibishana naye mpaka akaondoka na flashi yake. Papa Exaucé aliona yote, alikuwa anatikisa kichwa tu na kuendelea kukata picha zake.

Basi ukaingia mwezi wa sita. Baridi ya Joburg wanaoijua wanaijua. Ni kavu, midomo inapasuka, mikono inachanika.

Na wino ukaanza kuisha.

Mwanzo nilidhani ni kazi zimeongezeka. Chupa nilizozoea kujaza mara moja kwa mwezi nikawa najaza kila baada ya siku nane, tisa. Nikaangalia kama mpira umepasuka. Hakuna tone mezani. Nikatoa ile karatasi ya majaribio inayoonyesha printa imechapa kurasa ngapi tangu izaliwe. Kurasa hazikuongezeka sana. Kumbe kazi zilikuwa chache kuliko mwezi wa nyuma.

Nikachukua kalamu ya marker, nikachora vistari vidogo kwenye chupa zote nne kabla ya kufunga. Sikumwambia mtu.

Kesho yake saa nne nafika, wino uko chini ya mstari. Chupa zote nne. Namuuliza Papa kama asubuhi ilikuwa na kazi, anasema watu watatu tu, picha. Picha za watu watatu zishushe nyeusi, bluu, nyekundu na njano kwa pamoja, kiasi kile?

Na hapo ndipo akili yangu ilipopotea njia. Rangi zote kushuka kwa usawa ilikuwa dalili ya wazi kabisa kwa anayejua mashine. Mimi nikaisoma kwa jicho la polisi. Nikasema huyu mzee ni mjanja, anachota kidogo kidogo kila chupa ili nisigundue.

Nikarudia kuchora siku ya pili, ya tatu, ya nne. Kila siku jibu ni lile lile. Jioni naacha wino hapa, saa nne naukuta pale. Na kati ya jioni na saa nne anayeingia mle ni mtu mmoja tu.

Siku ya tano nikafungua droo yake wakati ametoka kwenda chooni. Nikakuta bomba la sindano, kubwa, lile la kujazia wino. Ndani lina utando wa bluu na nyeusi.

Wakuu, damu ilinichemka. Nikalirudisha, nikakaa, nikawa namtazama tu. Kila alichofanya nikawa nakiona cha mwizi. Anaimba pambio lake taratibu, namwona anajifanya mcha Mungu. Ananiletea chai, namwona ananinunua. Nikaacha kuitikia salamu zake vizuri.

Akaniuliza siku moja, "Ndugu Shabani, kuko nini? Siku hizi hauko sawa na mimi."

Nikamjibu, "Kazi tu, Papa."

Akaniangalia kama anataka kusema kitu. Kisha akarudi kwenye mkasi wake. Ningempa nafasi siku ile angesema, na nisingekuwa naandika uzi huu.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, niliamka nikaacha Fordsburg. Nikaenda moja kwa moja Mayfair, nikasimama upande wa pili wa barabara kwenye mgahawa wa Muhabeshi, nyuma ya kioo. Kahawa niliagiza lakini sikuinywa.

Papa akafungua geti. Akapiga picha watu wawili, wakaondoka. Akainama nyuma ya meza ya printa, akakaa huko muda. Alipoinuka alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kuna chupa. Chupa ina kitu cheusi.

Akatoka nje. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

Leo najua alikuwa anataka kuvuka barabara. Mtu yeyote anayevuka barabara anaangalia kulia na kushoto. Asubuhi ile mimi niliona mwizi anayekagua kama kuna anayemwona.

Nikatoka mbio. Nikamkamata katikati ya barabara, mkono kwenye kola.

"Nini hii?"

Alishtuka. "Ni wino."

"Wino wa nani?"

"Ni wino yako, lakini..."

Sikumwacha amalizie. Nikapiga kelele, "Mwizi!" Kiswahili hakikumgeuza mtu shingo. Basi nikapiga kelele nyingine, ile wanayopiga watu wa huku wakitaka mwizi azuiwe njia.

"Vimba! Isela! Vimba!"

Wanaoishi Joburg wanajua neno hilo linaleta nini. Nilikuwa nimelisikia miaka yote, na kila nikilisikia nilikuwa nakaa mbali. Sikuwahi kulitamka. Siku ile lilinitoka kama jina langu mwenyewe.

Walikuja watatu kwanza, kutoka pale kwenye robot, taa za barabarani, teksi zinaposimama. Kabla sijageuka walikuwa wengi, siwezi kuwahesabu. Mmoja ana rungu. Mmoja ameokota tofali. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Kofi la kwanza liliangusha miwani yake, teke likaangusha mfuko, chupa ikapasuka na ule wino ukamrukia kifuani na usoni.

Kisha akaanguka yeye.

Alijikunja, mikono juu ya kichwa. Katikati ya mateke yale nikamsikia ananiita, si kwa hasira, anaita kama anayeomba maji.

"Shabani, baambie! Baambie!"

Waambie. Hilo tu ndilo alilolitaka kwangu. Na hasira yote ikaniishia pale pale, nikabaki na woga.

Nikaingia katikati nikipiga kelele kwa Kiingereza: acheni, nimekosea, huyu ni ndugu yangu, hakuna kitu kilichoibiwa. Jamaa mwenye rungu akanigeukia. Akaniuliza si ndiye wewe uliyeita? Mwingine akasema hawa wote ni makwerekwere, wageni wa kuja, wanachezeana, wapigeni wote. Nikavutwa koti mpaka mkono wake ukachanika. Ngumi moja ikanipata sikioni na upande ule sikusikia kitu tena mpaka kesho yake.

Aliyetuokoa kwanza ni Mzee Warsame. Mtu wa miaka yake, na mguu mmoja haumtii, alitoka akamshika Papa kwapani akamburuta mpaka ndani ya duka kama anavyoburuta robota la mablanketi. Nami nikajitupa nyuma yao. Akashusha shata ya chuma, akaweka kufuli kwa ndani.

Kukawa giza. Mateke yakaanza kwenye shata. Tofali la kwanza lilipogonga, masufuria yote rafuni yaliitikia.

Nitawaambia ukweli, niliomba kila dua niliyofundishwa madrasa. Nje mtu mmoja alitaja petroli. Mzee Warsame alikaa chini, mgongo kwenye shata, akashika tasbihi. Papa alikuwa amelala juu ya mablanketi, anapumua kwa mdomo, meno mekundu.

Aliyewaondoa wale watu ni bibi mmoja anayeuza maandazi yao ya huku mbele ya duka, sisi tulimwita Gogo tu. Tulisikia sauti yake upande wa pili wa shata. Alikuwa anawafokea kama anafokea wajukuu. Papa ndiye aliyempigia picha mjukuu wake ya kwenda shule, hakumtoza. Alisema hivyo, kwa Kizulu, na kwamba anayetaka kuchoma duka aanze na yeye na karai lake la mafuta. Kisha akawa anarudia neno moja, "Hambani! Hambani!" Nendeni zenu.

Sauti zikapungua. Wakaenda. Tukakaa bado, hakuna aliyethubutu kugusa kufuli.

Papa ndiye aliyesema kwanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshavimba.

"Shabani. Leta taa ku mashini."

Nikamwambia apumzike, tutafute gari la hospitali. Akarudia.

"Leta taa. Angalia nyuma yake."

Nikawasha tochi ya simu. Nikaisogeza printa kutoka ukutani, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miezi. Nyuma kulikuwa na mpira mwembamba unatoka tumboni mwa printa. Ulikuwa umeunganishwa vizuri, umefungwa na uzi, na chini yake kulikuwa na alama ya duara mahali ambapo chupa hukaa. Pembeni, chupa ya maji ya betri na kitambaa kisafi.

"Hii mashini iko nakunywa wino yenyewe," akasema. "Kila jioni wewe unakata courant kule ku ukuta. Haupati kuizimisha na bouton yake. Haijafunga kinywa. Inalala kinywa wazi, na hii baridi. Asubuhi inaamka na kiu, inajisafisha mara moja, mara mbili. Na picha za bantu zinatoka na mistari mu sura, wanazikataa kule ku ofisi. Basi minaisafisha tena. Wino yote inaenda chini."

Niwafafanulie kwa lugha yetu. Printa ya wino ukiizima kwa kitufe chake, kile kichwa kinarudi nyumbani kwake na kufunikwa na kifuniko laini kisikauke. Ukikata umeme ukutani ghafla, hii yangu ilikuwa haipati nafasi ya kujifunga sawasawa. Pia inapoteza kumbukumbu ya saa, haijui imelala muda gani, kwa hiyo ikiwaka inajisafisha kwa nguvu zote, inavuta wino wa rangi zote nne kwa pamoja na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini. Sponji ikijaa, printa inagoma kabisa. Ile ya kwangu ilishagoma mwezi wa tano nilipokuwa nimesafiri. Papa aliifufua, akatoboa njia ya mpira ili uchafu utoke nje. Lile bomba la sindano lilikuwa la kudondoshea maji kwenye kile kifuniko, kichwa kisizibe. Na chupa niliyomkamata nayo ilikuwa uchafu anaopeleka kumwaga kwenye pipa la gereji upande wa pili, kwa sababu Mzee Warsame hataki rangi kwenye sinki lake.

Kwa hiyo mwizi wa wino nilikuwa mimi. Kila jioni. Kwa kidole changu.

"Mbona hukuniambia, Papa?" Bado nilikuwa na uso wa kuuliza hivyo.

"Nilikuambiaka. Uliporudi safari. Nikasema usikate ku ukuta. Ulinijibu nini?"

Nikakumbuka. Nilimjibu, mbele ya wateja, na nikacheka: "Papa, wewe piga picha, mambo ya printa niachie mimi mtu wa pwani."

"Wewe ni mtu wa makelele," akasema. "Ule dada wa maua mekundu ulimfukuza. Nikasema mimi niitengeneze tu polepole, amani iwe. Nitakuambia siku moyo wako iko chini."

Hapo nililia, wakuu. Sioni aibu kuandika. Nililia mbele ya Mzee Warsame, naye aliangalia pembeni.

Mkono wa Papa ulikuwa umevunjika. Jino moja lilitoka na jingine likavunjika nusu. Hospitali nilimpeleka mimi, foleni nilikaa mimi, lakini mkewe alipofika aliniomba kwa adabu sana niondoke. Aliniambia, "Baba, rudi kwako. Tumekushukuru." Ningefurahi kama angenitukana.

Nisimame kidogo hapa niwape cha kutumia, maana ndiyo sababu ya uzi.

Zima printa kwa kitufe chake, subiri mpaka ile sauti ya kujikunja iishe, ndipo ukate ukutani kama ni lazima. Mimi nilimuomba Mzee Warsame aniache niiache imewashwa, inalala yenyewe na umeme inaokula ni kidogo sana. Alikubali. Wiki nzima, kila asubuhi nikawa naukuta wino pale pale kwenye mstari wangu wa marker wa jioni. Niliuangalia mstari ule mpaka nikauchukia.

Usibonyeze head cleaning, ile ya kusafisha kichwa, ovyo. Mara moja, chapa karatasi ya majaribio, ikikataa iache ipumzike masaa kadhaa ndiyo urudie. Watu wanabonyeza mara sita mfululizo halafu wanalaumu muuzaji wa wino. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki, hasa wakati wa baridi au ukiwa safarini, mwachie mtu afanye. Maji ya bomba usiyaweke kwenye kichwa, tumia ya betri. Na draft ni nzuri, lakini picha ya mtu usimchapie draft, ni dharau.

Na ukiona rangi zote zinashuka sawa, ni kujisafisha huko. Mwizi wa kweli angechota nyeusi, ndiyo inayouzika.

Sasa nimalizie.

Papa hakurudi. Nilimpelekea kamera na kompyuta yake Bertrams, akavipokea mlangoni, akanikaribisha ndani, tukanywa chai. Hakunisema vibaya. Lakini pale kanisani kwao habari ilikuwa imefika kabla yake: shemasi amepigwa Mayfair kwa wizi. Wakamwambia apumzike kidogo kwenye kazi za sadaka mpaka mambo yatulie. Mtu aliyekuwa anabeba kapu la sadaka miaka saba akawa anakaa benchi la nyuma na plasta mkononi.

Nikamuomba mchungaji wao dakika mbili. Jumapili moja nikaenda, mimi Shabani wa Ngamiani, na kofia yangu mfukoni, nikasimama mbele ya Wakongo zaidi ya mia. Nilianza kuomba radhi, nikaona nyuso zimekauka. Kuomba radhi tu kulikuwa hakumsafishi mtu, kunaonyesha kama nimemsamehe mwizi. Basi ikabidi nieleze printa. Nikaeleza kichwa, kifuniko, sponji, swichi ya ukutani. Kijana mmoja anatafsiri Kifaransa, maneno mengine yanamshinda, anachora hewani kwa mikono. Watu walikuwa wananitazama kama nimechanganyikiwa. Nikaeleza tena, kutoka mwanzo, mpaka mama mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe mashini ndiyo ilikuwa mwizi!" Kanisa likapumua.

Kapu walimrudishia siku ile ile. Mkewe alinipa mkono.

Tulipotoka nje, Papa alinisindikiza mpaka kwenye kona ya teksi. Nilikuwa nimejawa na furaha, nikamwambia basi rudi kazini, meza yako iko wazi, hakuna aliyeigusa.

Akatembea hatua kadhaa. Kisha akasema, taratibu, bila ubaya wowote:

"Shabani, asante kwa leo. Lakini hawa walikuwa wananijua. Bale ba Mayfair uliita, haujabaambia kitu. Kule mimi ningali mwizi."

Teksi ikaja nikapanda.

Imepita zaidi ya mwaka na nusu sasa. Printa yangu iko sharp, haijaziba hata siku moja. Papa amefungua sehemu yake Bertrams, wateja anao, tukikutana tunasalimiana vizuri na watoto wake wananiita tonton, yaani mjomba. Ila akiwa na shughuli Fordsburg hakatizi Mayfair. Anashuka mbali, anazunguka kwa miguu.

Nilijaribu kwenda pale kwenye robot. Wale vijana wamebadilika, wengine wamehama, waliobaki hawaikumbuki kabisa ile asubuhi. Mmoja aliniuliza, "Mwizi yupi? Wapo wengi."

Wenye printa za tenki semeni hapa mnazizima vipi, msaidiane. Na kama kuna aliyewahi kumpakaza mtu jina la wizi barabarani kisha akafanikiwa kumfuta, naomba anifundishe, hata PM. Kanisa nililiambia. Mtaa unaambiwaje?